Mguu Mfupi wa Ile Alama

Furaha alinipigia simu nikiwa nachambua dagaa, na kwa vile mikono ilikuwa inanuka nikaibana simu kwa bega, ndiyo maana mpaka leo shingo inaniuma, au labda nasingizia. Aliniamkia shikamoo niliyomfundisha mwenyewe akiwa mdogo, halafu akahamia kwenye Kiingereza chake cha kuzaliwa hapa Toronto, ambacho mimi nakigeuza humu nionavyo. Baba yake, rafiki yangu Safari, alikuwa ametutoka siku tatu nyuma. "Anko Kamba," akasema, "tunatengeneza karatasi ya ibada. Kwenye Biblia ya baba nimekuta tishu ya mezani, ya zamani sana, imekunjwa mara nne, ina ile alama ya kale. Nadhani aliipenda. Si wewe uliyewapelekea wale wachora ramani za majengo? Nichoree tuiweke mbele, juu ya picha yake." Nikasema nitachora. "Na siku yenyewe utatuhadithia ile ya ulivyowauzia Wazungu nembo. Watu watahitaji kucheka." Nikasema sawa. Nikarudi kwenye dagaa wangu na nikawaunguza wote, sikubakiza hata wa paka.

Jina langu la ubatizo ni Ezekieli lakini usimuulizie Ezekieli mtaani, hutanipata. Mimi ni Kamba, kwa sababu nikianza kuhadithia nasuka kamba ndefu ambayo haikatiki. Samaki niliyemvua mimi humezwa na samaki mwingine kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nimeishi hivyo na watu wamenipenda hivyo, harusi haianzi mpaka nifike. Lakini hii ninayoisema sasa nimejiapiza kuipunguza badala ya kuiongeza. Ukiona mahali nimeongeza, ujue ni mazoea tu, na nitarudi kupapunguza.

Mwaka wenyewe ni tisini na tisa. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Jane na Finch, kwenye jengo ambalo halikuwa na ghorofa ya kumi na tatu. Unapanda lifti: kumi na mbili, kumi na nne. Wenye jengo walijua kuna watu wanaiogopa kumi na tatu, basi wakaifuta, wakaandika kumi na nne, na sisi tuliokaa humo tukawa tunakaa kumi na tatu iliyopewa jina la jirani. Nilicheka jambo hilo mwaka mzima. Nilikuwa nikipata mgeni namsimamisha nje kwenye baridi namhesabia madirisha kutoka chini mpaka aamini. Sikujua kuwa naicheka kazi ambayo na mimi nitakuja kuifanya. Ndani tulikuwa wawili, mimi na Safari, chumba kimoja tumekigawa kwa shuka lenye maua ya njano. Upande wake ulikuwa na dirisha na ulikuwa umepangwa utadhani askari anakuja kukagua: soksi zimekunjwa, Biblia juu, viatu vinatazama mlango. Upande wangu, nisiseme. Jikoni tulikuwa na sufuria tatu na mfuniko mmoja, na mfuniko ule ulikuwa unatuamulia nani apike kwanza.

Safari alitokea Uvira, Kongo, akapita Kigoma kambini, akafika hapa na begi moja. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa kiwanda cha kuku. Jumamosi kuna wakala mmoja alikuwa anamtuma kwenye sherehe za watu, shati jeupe, kubeba sinia za vitafunwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nikimaliza ukurasa yeye ameweka nukta. Tuliishi vizuri kwa sababu hiyo, maana nyumba moja haiwezi kubeba Kamba wawili.

Mwezi wa kwanza mwaka ule ikaanguka theluji mpaka ikafika ghorofa ya tatu. Haya, kamba ya kwanza. Basi, magotini kwa mtu mrefu. Lakini hili lifuatalo si kamba na hakuna mtu nyumbani ambaye amewahi kuniamini: meya aliita jeshi lije kuzoa theluji. Wanajeshi kweli, na magari yao. Mabasi yakasimama, kiwanda kikafungwa, dukani kwetu pia bosi akasema tusije, tukakaa ndani siku nne na gunia la unga na sombe ya barafu, kile kisamvu kilichotwangwa, na ndagala wa Safari ambao kwetu ni dagaa tu, ila yeye alikuwa anasema wa Tanganyika upande wa Kongo wana akili zaidi. Siku ya tatu hata mimi maneno yaliniishia. Safari alikuwa amekaa dirishani, kioo kimeganda ukungu, akachora kwa kidole. Mstari umesimama. Mwingine umesimama kando yake, mfupi kidogo, haugusi chini. Mmoja umelala juu yao. Halafu chini, katikati, akabandika kidole gumba. Ukiitazama unaona mlango na mtu mdogo amesimama ndani.

"Hiyo nini?" nikamuuliza.

"Iko mukono ya papa." Akasogea ili nione vizuri. "Papa yangu alikuwa fundi wa kujenga. Akimaliza nyumba, simenti ya mulangoni ingali mubichi, anachukua truweli anapiga hivi, hivi, na hivi. Kisha anaweka kidole. Kule kwetu ukiona ile mulangoni unajua, hapa Byamungu alipita. Nyumba haina shida."

Truweli ndiyo mwiko wa fundi, ule wa kupigia plasta. Mimi nikaona nafasi ya kumtania. "Sasa huyo fundi gani, mguu mmoja mfupi? Alikuwa anafunga kazi mapema?"

Hakucheka. "Truweli ilikuwa imevunjika pembe moja. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwaga maji yake ya simenti, mara ya kwanza, mara ya pili, nikicheza tu. Akanitupia ile truweli. Ikapita hapa." Akainua mkono, akaweka vidole vinne kando ya sikio lake. "Hivi. Vidole vine. Ikapiga jiwe, pembe ikatoka. Papa akakaa chini ndani ya vumbi. Watu wakamwambia anunue ingine. Akakataa. Miaka yote alitumika na ile ya kuvunjika. Akasema kila nyumba nitajenga, inikumbushe siku nilikaribia kuua mutoto wangu."

Akaniambia pia kwamba siku ya kukimbia vita mzee alikataa kuondoka. Alisema nyumba alizojenga ni nyingi, aziachie nani. Habari za kifo chake ziliwakuta Kigoma, yeye na mkewe. "Picha yake sina," akasema Safari, "niko na hii tu. Na hii sijaambia mutu bado." Halafu joto la chumba likaanza kuyeyusha kioo, alama ikatiririka mpaka chini, na yeye akaenda kuosha sahani kama mtu aliyetaja bei ya nyanya.

Sasa mimi kazi yangu. Nyumbani Morogoro nilikuwa naandika majina ya maduka kwa brashi, na ingawa shule niliishia la nne, herufi zangu zilikuwa zimenyooka kuliko za mwalimu. Hapa nikapata kibarua kwenye duka la mabango la mzee mmoja wa Guyana, tulimwita Mzee Ramu. Brashi hakuna. Kompyuta inakata herufi kwenye plastiki yenye gundi, mimi kazi yangu kuchokonoa kwa sindano vipande visivyotakiwa, matumbo ya herufi O, matumbo ya herufi B, kutwa nzima. Nimetoa matumbo ya herufi nyingi kuliko mchinjaji alivyotoa ya mbuzi. Na nikimaliza napeleka mizigo kwa wateja, naitwa "yule jamaa wa mabomba," kwa sababu ya yale makaratasi yaliyoviringishwa ninayobeba begani.

Mteja mkubwa mwaka ule walikuwa wachora ramani wawili, wenye ofisi mjini, mmoja mrefu mmoja mfupi, na nitawaita hivyohivyo. Walikuwa wanahamia ofisi mpya na wanatimiza miaka ishirini na tano, wakataka kampuni ivae upya: nembo, kadi, bahasha, kioo cha mlangoni, na sherehe ya kufungua ofisi ambayo kila kitu mpaka tishu kiwe na hiyo nembo. Walimkodi mama mmoja, Joan, mtaalamu wa mambo hayo. Yule mama alikuwa mzuri kwangu, sina baya la kusema. Ndiye aliyeniambia, siku moja nikiwa namsubiri asaini, kwamba nembo nzuri lazima ikubali kuwa kubwa ukutani na ndogo kwenye penseli, mtoto aweze kuichora bila kuangalia, na iwe na hadithi nyuma yake. "Isiyo na hadithi ni doa tu," alisema. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mtu wa hadithi ni mimi.

Mwezi wa nne nimeingia na mbao za sampuli, nakuta ugomvi. Ukutani Joan amebandika nembo kama arobaini, zote herufi mbili zinazokumbatiana kwa namna tofauti. Mrefu anasema herufi yake itangulie, inakaa vizuri zaidi. Mfupi anasema, "Miaka ishirini na tano umenitangulia kila mlango tunaoingia. Niachie karatasi, angalau." Joan amefumba macho anajikanda paji la uso. Mimi nimesimama pale na mbao zangu, hakuna aliyeniambia weka au ondoka. Ndipo nikasema, hakuna aliyeniuliza, "Kama mnagombania majina, wekeni kitu kisicho na jina." Nikageuza ubao mmoja, nikatoa penseli sikioni, nikachora mlango wa Byamungu. Mguu mrefu, mguu mfupi, kilicholala juu, kidole chini.

Wakanyamaza. Nataka nieleze kunyamaza kule, kwa sababu shida yote ilianzia hapo. Wasomi watatu wanatazama kitu nilichokichora mimi, mtu wa la nne, mtoa matumbo ya herufi, na hakuna anayezungumza. Sijawahi kunywa pombe tamu kama ile. Mfupi akaketi. Mrefu akainama akatazama kwa karibu. Joan akauliza taratibu, "Hii ni nini?"

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno saba: ni alama ya baba wa rafiki yangu. Nimeyahesabu maneno hayo miaka yote hii, hayajawahi kuongezeka. Lakini nilijua nikiyasema wataniuliza rafiki yuko wapi, na kesho atakayekaa kwenye kile kiti ni Safari, na mimi nitarudi kuwa jamaa wa mabomba. Nikachukua ya pili. Nikawaambia hii ni alama ya kale ya wajenzi wa kwetu, ina miaka elfu moja, ilikuwa inachongwa milangoni kwa wafalme, na haijawahi kuanguka nyumba yenye alama hiyo, hata siku ya tetemeko. Joan alikuwa anaandika kwenye daftari. Akauliza kile alichokuwa lazima akiulize: "Na huu mguu mmoja, kwa nini ni mfupi?" Ukweli ulikuwa mdomoni, mzuri kuliko chochote nilichowahi kutunga. Nikasema, "Fundi wa kwetu hamalizi kazi. Kipande cha mwisho anamwachia Mungu." Yule mama macho yakamlengalenga. Kisha akauliza kwa adabu, maana alikuwa na adabu, "Kuna mtu wa kumwomba ruhusa? Wenyewe?"

"Wenyewe walikwisha zamani," nikasema.

Mzee wa watu alikuwa na miaka miwili au mitatu kaburini, kama aliwahi kupata kaburi. Mwanawe alikuwa kiwandani muda ule anakata mapaja ya kuku.

Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni Safari akapakua ugali, akaniwekea upande wenye mchuzi mwingi kama kawaida yake, akauliza, "Kazi?" Nikasema, "Ya kawaida tu, mabomba." Kesho yake tena. Mwezi wa sita Mzee Ramu akafurahi na ile kazi, akanichapia kadi zenye jina langu, Ezekieli zima, na chini yake imeandikwa Mbunifu. Niligawa kadi zile kwenye basi, kanisani, kwa kinyozi, kwa dada wa benki ambaye hakuniuliza. Nadhani niligawa elfu kumi. Haya, zilikuwa mia mbili. Mtu mmoja tu katika Toronto nzima sikumpa, na tulikuwa tunatumia mfuniko mmoja. Nilizificha kwenye kiatu cha mvua upande wangu wa shuka. Siku moja Safari akaniuliza mbona siku hizi sipigi stori wakati wa kula. Nikamwambia jino.

Sherehe ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, saa tisa mchana. Nimesema Jumamosi. Mtu mwenye akili angefikiria Jumamosi, shati jeupe, wakala, sinia. Mimi nilikuwa nafikiria koti. Niliazima koti la Mzee Ramu, mikono ikaishia hapa kwenye kiwiko, sawa, juu kidogo ya saa. Nafika naikuta alama kila mahali. Kwenye kioo cha mlango, ndefu kama mtu. Kwenye zulia la kufutia miguu, na watu wanapangusa viatu vya mvua juu yake, kushoto, kulia. Kwenye glasi, kwenye penseli, kwenye rundo la tishu. Na katikati ya ukumbi wameichonga kwa barafu, kubwa, imemulikwa na taa. Nchi inayopewa barafu bure nusu mwaka, halafu watu wanailipia iingizwe ndani. Wageni walikuwa wanaizunguka na kuitazama kama wamefika mahali patakatifu. Mmoja alipangusa mdomo wake kwa kidole gumba cha Byamungu kilichochapwa kwenye tishu, akakikunja, akakitupia ndani ya glasi tupu.

Mrefu akagonga glasi, akasema maneno yake, kisha akaniita. "Huyu ndiye aliyetuletea. Tuhadithie mwenyewe." Nikapanda. Mimi jukwaani siogopi, wewe niachie tu nafasi. Nikaanza na wafalme, watu wakasogea. Nikafika kwenye tetemeko. Ndipo nikamwona. Amesimama karibu na nguzo, shati jeupe, sinia mkononi iliyojaa sambusa ndogondogo na tishu zimepangwa pembeni kama feni. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ile barafu. Mguu mfupi, kwa kuwa ndio mwembamba, ulikuwa umeanza kuyeyuka, unadondosha matone.

Hapa nitasema polepole. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema samahani, nimekosea, mwenyewe yule pale. Ningeweza hata kukatisha tu, nikashuka, nikasema jino. Watu kama themanini walikuwa wananitazama na nyuso zao zimefunguka. Safari akageuza macho kutoka kwenye barafu akanitazama. Na mimi nikaongeza. Nikasema miaka elfu mbili. Nikasema babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa wale wajenzi. Nikasema ile ya Mungu na kipande cha mwisho, na sauti nikaishusha makusudi pale mwisho, kama ninavyojua kuishusha. Wakapiga makofi. Mtu aliyebeba sinia hawezi kupiga makofi, basi Safari alisimama tu.

Nilimfuata mlango wa jikoni. Sijui nilitaka kusema nini, mdomo huu ambao haukosi. Akaniinulia sinia. "Chukua moja, Kamba," akasema. "Ingali ya moto." Nikachukua. Akanipa na tishu. Nilikula ile sambusa yote mbele yake kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo. Baada ya hapo nikawa namwangalia tu kwa pembeni. Alipokuwa anakusanya vyombo, tishu zilizotumika hakuzichanganya na mifupa na mabaki ya nyama kama wenzake. Alizitia mfuko wa peke yake. Safi moja aliikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Na tulipotoka, watu wote walikanyaga lile zulia, mimi pia nililikanyaga. Yeye alilizunguka, akapita ukutani kabisa, ubavu ubavu, na mvua inanyesha.

Jumapili akatoka kanisani akapika, sombe na ndagala, akapakua sahani mbili kama siku zote, ile ya mchuzi mwingi ikawa yangu. Tukala. Nilipokuwa naosha mikono akaniuliza, "Uliwaambia jina yake?"

"Jina la nani?"

"Ya papa."

Nikasema hapana.

Akafikiri. "Ungewaambia tu jina," akasema. "Ingine yote ungeongopa vile unapenda."

Hakuwahi kulirudia. Mwaka uliofuata mkewe akafika, wakahamia kule Dixon Road kwenye yale majengo karibu na uwanja wa ndege, Furaha akazaliwa, nikaitwa anko. Nilikula krismasi kwake, alinisaidia nilipolazwa, alinibebea friji ngazi sita, haya, mbili. Lakini tangu ile Jumapili Safari hakunihadithia tena kitu chochote cha kwao. Hata kitu kimoja. Tulizungumza mpira, baridi, bei ya sombe, magoti. Nikiuliza habari za Uvira anasema, "Ni vile tu." Na mimi, nisikie haya nikisema haya, kwenye harusi na vipaimara vya watu nilihadithia miaka yote ile stori ya nilivyowauzia Wazungu mlango wa miaka elfu mbili, watu wakaanguka chini kwa kicheko, na yeye akiwa mezani alikuwa anacheka na wenzake, kwa adabu, anaangalia sahani.

Basi siku moja kabla ya mazishi nikapeleka mchoro. Walikuwa kwenye ule ukumbi wa chini ya jengo lao, akina mama jikoni wanabishana kuhusu chumvi, Furaha peke yake mezani anakunja karatasi. Naye siku hizi ni mchora ramani, ana leseni na miwani. Nikampa. Akaichukua kwa mikono miwili. "Unajua tulifundishwa hii chuoni, anko? Mwalimu aliionyesha kwenye mifano ya nembo. Mguu mfupi ni unyenyekevu, kazi anayoachiwa Mungu." Akatabasamu, pua imemvimba kwa kulia. "Baba alikuwa ananipeleka kuitazama pale mjini nikiwa mdogo. Tunasimama nje tu, hatuingii. Alikuwa anadai ni ya babu. Eti babu alimrushia mwiko ukavunjika. Nikamwambia baba, imeandikwa, ni ya miaka elfu mbili, mbona umeanza kuwa kama Anko Kamba. Akasema sawa. Akacheka, akaacha."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko na kikazunguka muda mrefu kabla hakijalala. Nikavuta kiti. Nikamwambia yale maneno saba, yamechelewa miaka zaidi ya ishirini. Nikamwambia dirisha, theluji, elfu moja, elfu mbili, koti, sambusa. Nikamwambia wafalme nilianza nao mimi, na Mungu nilimweka mimi, na kwamba baba yake alimwambia kweli tupu na aliyemfanya aonekane mwongo mbele ya mwanawe ni mimi. Nikamwambia jina: Byamungu, fundi, Uvira. Hakulia. Alinitazama kama unavyotazama nyumba ambayo umekaa humo na leo ndiyo unaona ufa. Akasema, "Na ulikuwa unakuja kula kwetu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kila krismasi." Nikasema ndiyo. Akaondoa miwani, akaiweka juu ya mchoro. Wale mama jikoni nadhani walikuwa wamesikia, na sikushusha sauti.

Nilikuwa nimeshasimama niondoke aliposema, kwa Kiswahili, kile cha baba yake, kilichovunjika pembe, "Anko. Truweli ilimukosa namna gani? Mbali?"

Nikainua mkono nikauweka kando ya sikio langu. Mdomo wangu ninaujua, ulikuwa tayari unataka kusema unywele mmoja.

"Vidole vinne," nikamwambia. "Alisema vidole vinne."

Furaha akainua mkono wake, akaviweka vidole vinne kando ya sikio lake, akavipima, akabaki hivyo.